Wimbo Uliotangulia Picha: Tungo za Leonard Cohen katika Sinema ya McCabe & Mrs. Miller

Wimbo unaposikika katika sinema mara nyingi hudhaniwa kuwa ni pambo tu, na neno lenye uzito hudhaniwa kuwa ni lile litamkwalo na wahusika. Dhana hiyo haitoshi kuifafanua sinema ya McCabe & Mrs. Miller, iliyoongozwa na Robert Altman na kutolewa nchini Marekani mwaka 1971. Ndani yake mna nyimbo tatu za Leonard Cohen (1934–2016), mshairi wa Kanada aliyezaliwa Montreal, na hakuna hata mmoja uliotungwa kwa ajili ya sinema hiyo. Zote zilikuwa zimekwisha kutolewa katika santuri yake ya mwaka 1967, Songs of Leonard Cohen. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tungo zilizozaliwa kwingine zilivyokuja kubeba sehemu ya usimulizi wa kisa ambacho mtunzi wake hakukijua.

Yafaa kwanza kutazama umbo la tungo zenyewe. Cohen alikuwa mshairi kabla ya kuwa mwimbaji: diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1956, na alikwisha kuchapisha riwaya mbili kabla ya kurekodi santuri yoyote. Kwa hiyo nyimbo zake hutegemea beti zaidi ya ala. Gitaa na sauti ya chini ndizo nguzo zake. Jambo kubwa zaidi ni matumizi ya nafsi. Katika nyimbo hizi tatu watu hawatajwi kwa majina. Wapo "wewe", "yeye" na "wao". Kiwakilishi kisichofungwa kwa jina ni kama nyumba isiyo na mpangaji: mhusika yeyote anayelingana nacho aweza kuingia na kukaa.

Mpangaji wa kwanza ni McCabe. Sinema inaanza akiingia juu ya farasi, katika mvua, kwenye kijiji cha wachimba migodi cha kaskazini-magharibi ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Papo hapo husikika "The Stranger Song", utungo unaomhusu mgeni mcheza karata atafutaye hifadhi, naye hatulii mahali. McCabe hajasema lolote la maana, lakini mtazamaji amekwisha kupewa tabia yake na hata dalili ya mwisho wake. Punde si punde anatandika kitambaa mezani na kuanza kucheza karata. Picha imeufuata wimbo; wimbo haukuifuata picha.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi mtu anapozingatia lugha ya mazungumzo katika sinema hiyo. Altman aliyapanga mazungumzo kwa namna ambayo watu husema kwa pamoja, hukatizana na kunong'ona, hata maneno mengi yakapotea katika kelele za ukumbi. McCabe mwenyewe hujisemea chini kwa chini, wala hawezi kumweleza Bi Miller, mwendeshaji wa danguro lao, yaliyomo moyoni. Basi katika sinema iliyojaa usemi usiosikika, maneno yanayosikika waziwazi ni ya wimbo. Mwimbaji anachukua nafasi ya mtambaji: ayajua yale ambayo wahusika hawawezi kuyatamka. Mwishoni, McCabe anapokufa peke yake thelujini na Bi Miller akivuta afyuni, hawaagani. "Winter Lady" ndio unaosema badala yao.

Hata hivyo, mkopo huu una gharama, nayo inaonekana katika "Sisters of Mercy". Cohen alieleza kwamba utungo huo ulitokana na usiku mmoja mjini Edmonton, wakati wa baridi kali, alipowapa hifadhi chumbani mwake wanawake wawili vijana, akautunga wao wakiwa wamelala. Ni wimbo wa shukrani kwa faraja isiyodai malipo. Katika sinema umeambatanishwa na wanawake wa danguro, ambao faraja yao ina bei. Hakuna neno lililobadilishwa. Muktadha ndio uliobadilika, na maana ikahama pamoja nao. Kejeli ambayo haikuwamo katika utungo imezaliwa na picha, na mtu aliyeusikia kwanza katika sinema huenda asiisikie tena ile shukrani ya asili.

Wanafunzi wa taarab hawatashangazwa na jambo hili. Msikilizaji anayeinuka kumtunza mwimbaji kwenye mshororo fulani huuteka mshororo huo, akaufanya kuwa ujumbe wake kwa mtu amjuaye mwenyewe, bila kumwuliza mtunzi. Altman alifanya vivyo hivyo, isipokuwa kwa tofauti moja: tendo la mtunzaji hupita pamoja na usiku ule, na kesho wimbo huwa huru kutekwa na mwingine, sinema haipiti. Mwaka 2010 McCabe & Mrs. Miller iliingizwa katika orodha ya sinema za Marekani zinazohifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kwa hiyo, anayechambua wimbo uliokopwa na sinema hana budi kuusoma mara mbili: kwanza peke yake, kama ulivyotoka kwa mtunzi, kisha pamoja na picha. Akiuruka usomaji wa kwanza, atamhesabia mtunzi maana iliyoletwa na mwongozaji.