Vituo vya Watoto Baada ya Masomo: Fedha za Umma na Mlezi Anayefungua Mlango

Utangulizi

Mwaka huu ofisi ya miradi ya Dayosisi imepokea maandiko ya miradi kutoka sharika kadhaa zinazotaka kuanzisha vituo vya watoto baada ya saa za masomo. Wazo ni jema. Mtoto anatoka shuleni saa 9 alasiri, mzazi anarudi kutoka shambani au sokoni giza linapoingia, na katika saa hizo tatu hakuna anayejua mtoto yuko wapi. Usharika una jengo ambalo siku za kazi halitumiki. Ni haki kabisa kuuliza: kwa nini tusilifungue?

Nilipozipitia bajeti zilizoambatanishwa niliona jambo moja linalojirudia. Madawati yamehesabiwa, uji umehesabiwa, mipira na madaftari vimehesabiwa. Kwenye mstari wa walezi wa kituo limeandikwa neno moja tu: "watajitolea".

Makala hii inahusu mstari huo. Nimechagua kueleza uzoefu wa Marekani, kwa sababu nchi hiyo imetumia fedha za serikali katika vituo vya aina hii kwa zaidi ya miaka 25, kupitia shule, mashirika ya jamii na makanisa. Pia baadhi ya wahisani wetu wanatoka katika sharika rafiki za huko, nao watayatambua mambo haya. Yapo waliyofanikiwa na yapo waliyokosea. Yote mawili yanatufaa.

Fedha zinatoka wapi

Mpango mkuu wa serikali ya Marekani unaitwa, kwa tafsiri yetu, Vituo vya Jamii vya Kujifunzia vya Karne ya 21. Uliwekwa katika sheria mwaka 1994. Mwaka 1998 ulitengewa dola milioni 40, na kufikia mwaka 2002 ukafika dola bilioni 1. Katika miaka ya karibuni umekuwa ukitengewa takribani dola bilioni 1.3 kwa mwaka.

Mwanzoni fedha zilitoka Washington moja kwa moja hadi shuleni. Sheria ya elimu iliyotiwa saini na Rais George W. Bush Januari 2002 ilibadilisha utaratibu huo. Sasa fedha hugawiwa majimbo, na kila jimbo hushindanisha maombi. Sheria hiyo pia iliyaruhusu mashirika ya jamii, yakiwemo ya dini, kuomba yenyewe. Chini ya sheria iliyofuata, ya Desemba 2015, ruzuku hutolewa kwa miaka 3 hadi 5 na haipungui dola 50,000. Jimbo haliruhusiwi kubakiza zaidi ya asilimia 2 kwa utawala na asilimia 5 kwa usimamizi, mafunzo na tathmini. Kinachobaki lazima kifike vituoni. Tena ruzuku haipaswi kuziba pengo la kazi ambayo shule au jimbo lilikuwa tayari linaigharimia. Lazima iongeze huduma mpya.

Tuangalie kanuni ile ya asilimia 5. Waliotunga sheria walikubali kwamba mafunzo ya walezi ni gharama halali ya mradi. Kwa walio wengi katika kamati zetu, mafunzo ndiyo hukatwa kwanza bajeti inapobana.

Siku ya mtoto na saa ya mlezi

Jimbo la California lina mpango wake mwingine, mbali na huo wa taifa. Novemba 2002 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura kutenga fedha za kudumu kwa vituo vya baada ya shule. Arnold Schwarzenegger, aliyekuja kuwa gavana mwaka uliofuata, ndiye aliyeongoza kampeni hiyo. Kuanzia mwaka wa masomo 2006/07 jimbo lilianza kutenga dola milioni 550 kila mwaka.

Masharti yake ni ya wazi. Kituo kifunguliwe mara masomo yanapoisha na kisifungwe kabla ya saa 12 jioni. Watoto wapewe kitafunwa chenye lishe. Mlezi mmoja asihudumie zaidi ya watoto 20. Msimamizi asitumie zaidi ya asilimia 15 kwa utawala. Fedha hutolewa kwa kuhesabu mahudhurio: mwaka ule kiwango kilikuwa dola 7.50 kwa mtoto mmoja kwa siku moja.

Ni mpango mzuri, lakini ulikuwa na kasoro moja. Kiwango cha dola 7.50 kiliwekwa bila utaratibu wa kukipandisha maisha yanapopanda. Januari 2007 kima cha chini cha mshahara California kilikuwa pia dola 7.50 kwa saa. Kwa hiyo fedha ya siku nzima ya mtoto mmoja ililingana na saa moja ya kazi ya mlezi. Kima cha chini kikapanda hadi dola 8, kisha 9, kisha 10, na Januari 2017 kikafika dola 10.50 kwa waajiri wenye wafanyakazi 26 au zaidi. Muda wote huo ruzuku ya mtoto ilibaki dola 7.50. Mwaka 2017 ndipo ilipopandishwa hadi dola 8.19. Baadaye ikapandishwa tena, hadi 8.88 mwaka 2019 na 10.18 mwaka 2021.

Fikiria kamati iliyokuwa ikiendesha kituo miaka hiyo kumi. Haikuweza kumlipa mlezi chini ya sheria. Haikuweza kumpa watoto 40 badala ya 20. Ilibaki kubana kwingine: saa za maandalizi, mafunzo, vifaa, au kutafuta wahisani wa kuziba pengo. Mlezi naye, kijana anayefanya kazi saa tatu au nne tu kwa siku, akipata kazi ya siku nzima dukani anaondoka. Akiondoka, watoto wanaanza upya na mtu wasiyemjua. Na kwa kuwa ruzuku hufuata mahudhurio, watoto wakipungua kuliko lengo, fedha nazo zinaweza kupunguzwa. Hivyo kumbana mlezi mwisho wake ni kukibana kituo chenyewe.

Fedha inapochelewa

Jambo la pili ni wakati. Katika majimbo mengi ruzuku hizi hulipwa kwa kurejeshewa. Kituo hutumia kwanza fedha zake, hupeleka stakabadhi na orodha za mahudhurio, kisha husubiri. Shirika kubwa lenye akiba linaweza kusubiri miezi miwili. Usharika mdogo hauwezi, na mara nyingi anayesubiri kwa niaba yake ni mlezi.

Hata fedha iliyokwisha kupitishwa na Bunge inaweza kukwama. Tarehe 1 Julai 2025, siku ambayo majimbo hutegemea kuanza kupokea fedha hizo, serikali ya Marekani ilizizuia pamoja na fedha nyingine za elimu. Tarehe 18 Julai ikatangaza kuachilia fedha za vituo vya baada ya shule. Zilikuwa siku chache, lakini ni wakati ambapo vituo huendesha programu za likizo na kuajiri watu kwa ajili ya muhula mpya. Mwenye akiba alivuka. Asiye na akiba alilazimika kuwaambia wafanyakazi wake wasubiri.

Haya hayatushangazi. Katika usharika mmoja niliowahi kuufuatilia, fedha ya mhisani ilichelewa muhula mmoja. Hakuna aliyeiba, ni barua moja tu iliyopotea njiani. Walezi walikuwa watatu. Mmoja akaenda kufundisha masomo ya ziada mjini, wa pili akarudi kwao kulima. Wa tatu, dada aliyebaki, aliugua wiki moja. Watoto walifika alasiri wakakuta mlango umefungwa, wakakaa barazani hadi jioni. Ripoti ya robo ile ilisema "kituo kinaendelea vizuri", kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya idadi ya watoto waliosajiliwa, haikuwa na nafasi ya idadi ya walezi waliobaki.

Ubora unatoka kwa mtu

Je, vituo hivi vinasaidia kweli? Wamarekani walijiuliza hivyo mapema. Mwaka 2003 taasisi ya utafiti ya Mathematica ilitoa matokeo ya mwanzo ya tathmini ya mpango wa taifa. Ilionekana kwamba alama za darasani hazikupanda sana, na kwamba watoto wengi hawakuhudhuria mara kwa mara. Serikali ya Rais Bush ikapendekeza kupunguza bajeti kutoka dola bilioni 1 hadi milioni 600, lakini Bunge halikukubali.

Mwaka 2007 watafiti Joseph Durlak na Roger Weissberg walitoa jibu linaloeleza zaidi. Walikusanya tafiti nyingi za vituo vya kulea tabia na stadi za maisha, wakavitenganisha kwa namna vinavyofanya kazi. Vituo vilivyoonyesha mafanikio vilikuwa na mambo manne: shughuli zinapangwa hatua kwa hatua, watoto wanajifunza kwa kutenda, unatengwa muda maalumu kwa stadi inayofundishwa, na lengo la stadi hiyo linajulikana wazi. Katika vituo hivyo watoto walijiamini zaidi, tabia zao zikawa nzuri zaidi na maendeleo yao ya shule yakaboreka. Vituo vilivyokosa mambo hayo havikuonyesha tofauti ya maana.

Mambo hayo manne hayanunuliwi dukani. Yanafanywa na mtu aliyeketi kabla watoto hawajafika, akapanga leo tutaanza na nini na tutaishia wapi. Mlezi anayelipwa kwa saa za kukaa na watoto tu, bila saa ya maandalizi, hawezi kuyafanya. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Kanisa linapopokea fedha za umma

Huko Marekani kanisa linaweza kupokea ruzuku hizi, lakini haliwezi kuzitumia kwa ibada wala mafundisho ya dini. Shughuli hizo zifanyike kwa muda tofauti au mahali tofauti, na mtoto aje kwa hiari. Kituo hakiruhusiwi kumkataa mtoto kwa sababu ya dini ya wazazi wake. Kamati ziyafikirie haya mapema. Kama usharika unaomba msaada wa halmashauri, hata kama ni matumizi ya madarasa tu, mzazi Mwislamu jirani ana haki ya kujua kwamba mtoto wake anakuja kusoma na kucheza, na kwamba saa ya Neno la Mungu ni saa nyingine. Huo ni uaminifu, nao ni ushuhuda kwa jirani.

Mambo ya kufanya kabla ya kusaini

Kwa kamati zinazoandaa maandiko ya miradi, ofisi inapendekeza yafuatayo:

1. Anzeni bajeti na walezi. Amueni mlezi mmoja atahudumia watoto wangapi, kisha hesabuni watoto mnaoweza kuwapokea. Msianze na idadi ya watoto.

2. Mpeni kila mlezi mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Anayejitolea naye aandikiwe kazi yake, siku zake, posho yake na mwisho wa muda wake.

3. Lipieni saa ya maandalizi. Watoto wakikaa saa tatu, kazi ya mlezi ni saa nne.

4. Wekeni akiba ya malipo ya miezi mitatu ya walezi kabla kituo hakijafunguliwa. Kama akiba haijatosha, ni afadhali kuchelewa kufungua.

5. Andikeni katika makubaliano na mfadhili kwamba kiwango cha malipo kitapitiwa upya kila mwaka. California ilichukua zaidi ya miaka kumi kujifunza hilo.

6. Msimweke mlezi mmoja peke yake na watoto. Wawili wanamlinda mtoto, wanalindana wenyewe, na mmoja akiugua mlango unafunguliwa.

7. Katika ripoti ya kila robo ongezeni mistari miwili: walezi wangapi walianza, na wangapi wapo bado.

Kwa wahisani wetu tuna ombi moja. Wengi hupenda kutoa kwa ajili ya vitu vinavyoonekana kwenye picha, kama madawati na vitabu, nasi tunashukuru sana. Tunaomba pia mkubali kulipia mshahara na mafunzo ya walezi, kwa muda unaojulikana, na fedha hizo zifike kabla ya muhula kuanza.

Hitimisho

Mtume Paulo alimkumbusha Timotheo kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Tumezoea kulisikia fundisho hilo likihusu wachungaji na wainjilisti. Linamhusu pia dada anayefungua mlango wa kituo saa 9 alasiri na kuufunga saa 12 jioni, baada ya kuhakikisha kila mtoto amechukuliwa.

Maandiko ya miradi tuliyopokea hatujayakataa. Tumeyarudisha kwa sharika husika ili mstari ule wa walezi uandikwe upya, na ofisi iko tayari kusaidia katika hesabu.