Mtoto mwenye ulemavu akipata chuo, kazi ya mzazi haijaisha

Majibu ya udahili yametoka, nyumbani ni vigelegele. Wiki ya kwanza chuoni, kijana anayetumia kitimwendo anakuta somo lake limepangwa ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Siku ya kwanza wenzake wanambeba, ya pili vilevile. Ya tatu anaona aibu, anabaki bwenini.

Wazazi wengi wakisikia neno ubaguzi huwaza matusi, au mwanafunzi kukataliwa mlangoni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unakwenda mbali zaidi: kumnyima mtu marekebisho anayohitaji, wakati uwezo wa kuyafanya upo, nako ni ubaguzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inawapa haki sawa ya elimu na mafunzo.

Marekebisho mengi si ya gharama kubwa. Kuhamishia kipindi chumba cha chini ni suala la ratiba tu. Mwenye ualbino au uoni hafifu anahitaji kukaa mbele na kupewa mtihani wa maandishi makubwa. Asiyeona anahitaji nukta nundu au kompyuta inayosoma kwa sauti, pamoja na muda wa ziada. Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Huyo hapatikani kwa siku moja, ndiyo maana chuo kijulishwe mapema.

Kabla chuo hakijafunguliwa

Wapo wazazi wanaomwambia mtoto asiseme, hasa kama ana tatizo lisiloonekana haraka, mfano usikivu hafifu. Wanahofia atatengwa. Matokeo yake mhadhiri anamwona mvivu, na chuo hakiwezi kurekebisha kisichokijua.

Mpeleke hospitali apate barua ya daktari. Isiishie kwenye jina la tatizo. Ieleze anahitaji nini darasani, kwenye mtihani na bwenini. Aipeleke ofisi ya mshauri wa wanafunzi, nakala ibaki nyumbani.

Kama anaomba mkopo, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huwapa kipaumbele waombaji wenye ulemavu, ila ulemavu huo lazima uthibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Msisubiri wiki ya mwisho.

Mwache aseme mwenyewe

Mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima. Msindikize ofisini, lakini yeye ndiye aeleze shida yake. Akizoea kudai haki yake chuoni, ataweza kuidai hata kazini.

Ombi likipuuzwa, aliandike kwa barua yenye tarehe, aanze na mkuu wa idara, kisha uongozi wa chuo. Likikwama huko, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko.

Na ukimpigia simu, usiishie kwenye "hujambo". Atajibu "salama tu, mama", hata kama hajatoka bwenini siku tatu. Muulize: wiki hii umeingia vipindi vingapi, na ulivyokosa, ulivikosa kwa nini? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama chuo kimempokea kweli au kimemwandikisha tu.