Ukinzani wa Mfupa Dhidi ya Ufa

Bibi huteleza uani akavunjika nyonga. Mjukuu wake huanguka kutoka mwembeni akainuka na kukimbia. Wengi wetu husema kwamba tofauti yao ni wingi wa madini mifupani. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli.

Kwa uzito, takriban theluthi mbili za mfupa ni madini ya kalisi na fosfati. Sehemu iliyobaki ni maji na nyuzi za protini, hasa kolajeni. Mfupa wa kuku ukilowekwa katika siki kwa siku kadhaa, madini huyeyuka, nao hupindika kama mpira. Ukichomwa hadi kolajeni iteketee, humeguka kwa urahisi. Madini basi huupa mfupa ugumu, na kolajeni huuzuia usipasuke upesi.

Je, uwezo huo hupimwaje? Katika makala iliyochapishwa mwaka 1921, Mwingereza A. A. Griffith, aliyechunguza kioo, alionyesha kuwa ufa huendelea pale tu unapopata nishati ya kutosha. Kwa kufuata msingi huo, mtafiti hukata kijiti cha mfupa, hukitia chale nyembamba, hukilaza juu ya egemeo mbili, kisha hukikandamiza katikati hadi ufa uanze kusonga. Kijiti hicho hutunzwa kikiwa na unyevu, maana mfupa mkavu hubadilika tabia.

Kutokana na kani iliyotumika na urefu wa ufa, ukinzani hukokotolewa kwa megapaskali mara kipeuo cha pili cha mita. Kioo hupata chini ya 1; mfupa mgumu wa binadamu hupata kati ya 2 na 10 hivi. Ufa unaoukata mfupa kwa upana hupata taabu kuliko ule unaofuata urefu wake, kwani hupindishwa kwenye mipaka ya matabaka yanayozunguka mishipa ya damu.

Ukinzani huu hupungua uzeeni. Mashine ya eksirei ipimayo uzito wa mfupa huhesabu madini tu, haioni hali ya kolajeni. Ndiyo sababu baadhi ya watu wenye vipimo vizuri huvunjika. Na kwa kuwa hatuwezi kukata vijiti katika nyonga ya mtu aliye hai, daktari mwangalifu hauachi uamuzi kwa mashine peke yake: huuliza pia umri wa mgonjwa, na kama amewahi kuvunjika.