Usiku wa Masomo Tisa

Katika mwaka mzima wa ibada za Kanisa Katoliki hakuna usiku uliopewa adhama kuliko ule unaoanza giza linapoingia Jumamosi Kuu na kukoma kabla ya mapambazuko ya Jumapili ya Pasaka. Na Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, ambaye aliwahubiria waumini wake katika usiku huo zaidi ya karne kumi na sita zilizopita, aliuita mama wa makesha yote matakatifu. Mambo yake ya dhahiri twayajua sote: moto mpya unaowashwa uwanjani, mshumaa mkubwa wa nta, kengele zinazolia tena baada ya kimya cha tangu Alhamisi Kuu, na Aleluya inayorudi vinywani baada ya kunyamazishwa Kwaresima nzima. Lakini sehemu kubwa ya kesha lenyewe ni kuketi na kusikiliza. Kanisa husomewa habari zake tangu kuumbwa kwa mbingu na nchi, na masomo yaliyowekwa ni tisa: saba ya Agano la Kale, moja la Waraka kwa Warumi, na la mwisho la Injili. Ni hayo saba ya kwanza ninayotaka kuyatetea hapa, kwa kuwa naona yakipunguzwa mwaka hata mwaka, na upungufu huo wanihuzunisha.

Tangu Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, ulioazimu Wakristo wote waadhimishe Pasaka siku moja, ilikuja kuthibiti kanuni ya kuiweka Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaotokea 21 Machi au baada yake, na kwa sababu hiyo sikukuu haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Huko Palestina na Ulaya hayo ni majira ya miti kuchipua baada ya baridi, na wahubiri wa kale waliyatumia sana kuwa ishara ya ufufuko. Kwetu sisi, kuanzia mwambao hadi bara ya Morogoro, ni masika; na nadhani hatukudhulumiwa kitu katika badala hiyo, kwani somo la tano la kesha, la nabii Isaya, lasema juu ya mvua na theluji zinazoshuka kutoka juu na kuirutubisha ardhi hata mpanzi akapata mbegu na mwenye njaa akapata mkate. Theluji hatuijui ila mlimani. Lakini mkulima aliyeacha mpunga mchanga shambani, akaja kanisani kwa miguu katika tope, na sasa amsikia msomaji akipaza sauti kushindana na mvua inayopiga bati, huyo halihitaji sana fafanuzi la padre ili aelewe kwamba neno la Mungu halirudi tupu. Hilo ni mojawapo la masomo yanayoachwa kwa urahisi.

Usiku huu uliwahi kupotea, na historia ya kupotea kwake yafaa kukumbukwa. Katika zama za kati saa ya ibada ilikuwa ikivutwa nyuma kidogo kidogo, kutoka usiku hadi alasiri, kutoka alasiri hadi adhuhuri. Kisha katika karne ya 16 Papa Pius wa Tano alikataza Misa kusomwa baada ya mchana, na kesha likathibiti kuwa jambo la Jumamosi asubuhi. Kwa karibu miaka mia nne shemasi alisimama kuimba sifa za usiku mtukufu ilhali jua limejaa madirishani, na unabii kumi na mbili ukasomwa kwa Kilatini mbele ya watu wachache, kwa sababu wengi walikuwa kazini au sokoni. Ndipo tarehe 9 Februari 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili akatoa idhini, kwa njia ya majaribio kwanza, kesha lirudishwe usiku. Na kwa amri ya 16 Novemba 1955, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, Juma Kuu lote likatengenezwa upya. Masomo yalipunguzwa yakawa manne. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Misale ya 1970 iliyarudisha hata yakawa saba ya Agano la Kale, na ruhusa ya lugha za watu ikatufanya tuyasikie kwa Kiswahili. Wazee wetu waliona sherehe wasiyoweza kuifuata maneno yake. Sisi tumepewa usiku na tumepewa lugha, nasi twataka tumalize mapema.

Ruhusa ya kupunguza ipo, sikatai. Pakiwa na sababu za kichungaji yaweza kusomwa masomo matatu ya Agano la Kale, na katika haja kubwa hata mawili; ila sheria yaweka mpaka mmoja usiovukwa, kwamba sura ya 14 ya Kitabu cha Kutoka, habari ya Waisraeli kuvuka bahari na majeshi ya Farao kufunikwa na maji, isiachwe kamwe. Sidhani kama kuna mahali katika Afrika ya Mashariki ambapo sharti hilo lina uzito kuliko Bagamoyo. Mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora, na walioufikia wakiwa na pembe za ndovu mabegani na minyororo shingoni walikuta mbele yao bahari, ambayo kwao haikuwa njia ya wokovu bali ya kuvushwa hadi soko la Unguja. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Anton Horner, walivuka kutoka Unguja wakajenga misioni hapo, na wakaanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto. Haikuwa pepo ya dunia. Wakombolewa waliishi chini ya nidhamu kali ya kazi na kengele, na mwenye kuandika habari zao kwa insafu hana budi kulisema hilo. Lakini kila Jumamosi Kuu, katika ule unabii kumi na mbili wa asubuhi, wa nne ulikuwa ni huohuo wa kuvuka bahari, ukisomwa mahali ambapo mawimbi yasikika, mbele ya watu waliojua uzito wa mnyororo kwa shingo zao wenyewe. Soko la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Kwa miaka mitano ya mwanzo, basi, somo la ukombozi lilisomwa ilhali ng'ambo ya mlango wa bahari watu walikuwa bado wanapigiwa mnada. Nikilikumbuka hilo siwezi kuvumilia kumsikia msomaji akilikimbiza somo la Kutoka kama mtu anayesoma matangazo.

Mshumaa wenyewe nao wataka mwendo wa taratibu. Padre, akiwa amesimama karibu na moto, huchora msalaba katika nta kwa ncha ya chuma, kisha Alfa juu yake na Omega chini, na tarakimu nne za mwaka huo katika pembe nne za msalaba. Halafu huchomeka punje tano za ubani, kwa ukumbusho wa madonda matano, na upepo ukiwa mkali mhudumu hulazimika kuukinga moto kwa joho. Taa za kanisa zapasa kuwa zimezimwa mpaka mshumaa huo ufikishwe mbele, na watu wawashiane kwa mikono, jirani kwa jirani. Kuna makanisa ambamo swichi hubonyezwa mshumaa ukiwa bado mlangoni, na kazi yote ya giza ikaharibika kwa kidole kimoja. Katika Mbiu ya Pasaka ya Kilatini, inayoimbwa baada ya hapo, nyuki wanatajwa kwa heshima kwa ajili ya nta yao. Na kwa nchi ambayo Unyamwezi wake umejulikana miaka na miaka kwa asali na nta, hiyo ni sifa iliyofika nyumbani.

Masomo nayo yamepangwa kwa hikima, moja likimkabidhi msikilizaji kwa jingine. Mwanzo laeleza nuru kutengwa na giza, mara tu baada ya macho kuliona jambo lenyewe kanisani. Linafuata la Abrahamu kumtoa mwanawe, kisa ambacho majirani zetu Waislamu hukikumbuka kila Idi ya Kuchinja, na ambacho kwa sababu hiyo mtu wa mwambao hukisikia kwa masikio mawili. Baada ya Kutoka yaja mawili ya Isaya, kisha Baruku, ambaye wengi humsikia kwa nadra nje ya usiku huu, kisha Ezekieli na ahadi ya maji safi na moyo mpya. Ezekieli akiachwa, wakatekumeni wanapoitwa kwenye kisima cha ubatizo huenda bila kufunguliwa mlango, na maji yanayobarikiwa huonekana kama desturi iliyozuka ghafla. Paulo naye, awaambiapo Warumi kwamba tumezikwa pamoja na Kristo katika ubatizo, anamjibu Ezekieli. Jibu bila swali halishiki moyoni.

Najua hoja za wanaopunguza. Watoto husinzia, mvua hunyesha, njia za usiku zina hofu zake, na kigangoni padre mmoja ana makanisa mengi. Hoja ya padre mmoja naiheshimu kabisa. Lakini jumuiya zetu hukesha kwenye msiba hadi alfajiri, wakiwamo wazee na watoto, wala hakuna anayeomba hotuba zifupishwe, na harusi za mjini huishia usiku wa manane bila mtu kulalama juu ya usingizi. Kwa hiyo sisadiki kwamba tumepungukiwa na nguvu za kukesha. Masomo saba huchosha yanaposomwa vibaya, na aghalabu husomwa vibaya kwa kuwa msomaji hukabidhiwa kitabu jioni ileile. Parokia yenye kutaka kulihifadhi kesha na iteue wasomaji saba mapema, kabla ya Jumapili ya Matawi, wazee na vijana, wake kwa waume. Iwape nafasi ya kusoma kwa sauti ndani ya kanisa tupu na kipaza sauti kikiwa wazi. Imwambie kila mmoja anyamaze kitambo baada ya somo ili zaburi na sala vipate nafasi. Na Baruku apewe msomaji hodari kuliko wote, maana maneno yake ni magumu na watu humsikia kwa nadra.