Duka la jirani likifungwa, deni linabaki kwa nani?

Ndugu msomaji, Jumamosi ijayo duka la Mangi linafungwa. Hapa Dar es Salaam neno Mangi, ambalo kwa Wachaga ni cheo cha mtawala, limekuwa jina la kila mwenye duka la mtaani, hata kama hajawahi kuuona Mlima Kilimanjaro. Mangi wa mtaa wetu ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa nyuma ya kaunta ile kabla mimi sijapewa upadri. Duka lake linatazamana na geti la parokia.

Duka la mtaani linauza kulingana na mfuko wa mnunuzi. Ukiwa na pesa, unanunua kilo mbili za sukari. Usipokuwa nazo, unanunua robo. Mafuta ya kula unapimiwa kwenye chupa uliyokuja nayo. Utapata vitunguu viwili, kiberiti kimoja, mshumaa mmoja wa usiku umeme umekatika. Haba na haba hujaza kibaba, na mtaa wetu umeishi kwa haba hizo.

Lakini Mangi hakuuza bidhaa tu. Alitunza funguo za nyumba ili watoto wakitoka shule wazikute. Jumapili asubuhi aliwachenjia waumini noti ili kila mtoto apate sarafu yake ya sadaka. Msiba ulipotokea usiku wa manane, uligonga dirisha lake, akatoa sukari na majani ya chai, akasema, "Nendeni kwanza, tutaongea baada ya matanga."

Kuna jambo nililojifunza kwake ambalo seminari hawakunifundisha. Mtoto aliyezoea kutumwa kilo mbili za unga akianza kutumwa nusu kilo, Mangi alijua nyumbani kuna tatizo. Hakulitangaza. Alimnong'oneza mwenyekiti wa jumuiya. Mara mbili nimepeleka Komunyo kwa mgonjwa katika nyumba niliyoelekezwa na mwenye duka. Sisi tulikuwa na orodha ya kaya zote ofisini. Yeye alikuwa na macho.

Mimi ni wa kizazi cha foleni. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yapishe maduka ya ushirika. Mengi yalifungwa kabla yale mapya hayajawa tayari, na watu wakataabika. Kisha, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika kabisa. Sukari, sabuni na mafuta ya taa vilisakwa kama dhahabu. Tuliamka alfajiri kuwahi foleni, tukapanga mawe yatushikie nafasi. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, rafu zilianza kujaa tena. Aliyepitia miaka ile hawezi kuliona duka lenye sukari, lililo hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, kama jambo la kawaida. Ni neema.

Nilipomuuliza Mangi kwa nini anafunga, alinijibu kwa upole. Kodi ya fremu imepanda. Miguu inauma. Kuna supamaketi barabara kuu. Nilitikisa kichwa kwa huruma. Nikaanza hata kusema maneno ya kawaida kuhusu mabadiliko ya dunia. Ndipo alipovuta droo, akatoa daftari.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mali ya Mangi imeisha na daftari lipo. Kurasa kwa kurasa: Mama fulani, unga na maharage. Baba fulani, vocha na mkate. Mengi yana miaka. Ukutani kwake kuna kibao kilichoandikwa kukopa harusi, kulipa matanga, lakini hakuwahi kukitii. "Baba Paroko," aliniambia, "supamaketi si tatizo. Tatizo ni kwamba wakiwa na hela wanakwenda kule. Zikiisha wanakuja kwangu."

Nilitazama chini. Wiki ile ile nilikuwa nimepita mbele ya duka lake na mfuko wa supamaketi mkononi.

Halafu akafungua ukurasa mwingine. Juu yake kulikuwa na neno moja: "Paroko." Chini yake, katoni kumi za maji na pakiti sita za mishumaa, siku ya Kipaimara, miaka mitatu iliyopita. Nilikumbuka. Wageni waliongezeka, nikamtuma kijana wa kwaya akachukue. Nilidhani kamati imelipa. Kamati ilidhani nimelipa mimi. "Mbona hukunidai?" nikamuuliza. Akacheka kidogo. "Baba, nitakudai vipi, na kila Jumapili nakuona altareni?"

Ndugu msomaji, katika miaka hiyo mitatu nimehubiri zaidi ya mara moja juu ya Warumi 13:8, pale Mtume Paulo anapotuasa tusiwiwe na mtu chochote isipokuwa kupendana. Mangi alikuwa amekaa benchi la tatu, akinisikiliza.

Tusome pamoja 2 Wafalme 4:1-7. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii anamlilia Elisha. Mumewe alimcha Mungu, lakini amekufa akiacha deni, na mdai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Mjane hana kitu ila chupa ya mafuta. Elisha anamwambia aazime vyombo kwa majirani, tena si vichache. Mafuta yanamiminika mpaka vyombo vinakwisha. Sisi huwa tunaishia hapo, kwenye muujiza. Lakini tazama Elisha anavyomalizia: auze mafuta, alipe deni lake, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Kulipa kunatangulia kuishi. Hata mafuta yaliyotoka mbinguni yalianzia kwa mdai.

Angalia pia kwamba mtu mcha Mungu aliweza kufa na deni. Kudaiwa si dhambi. Shida huja, na asiyenacho asione haya kukopa. Dhambi ni kuwa nacho na kujificha. Ni kubadilisha njia ili usipite mbele ya duka. Ni kutumia upole wa mwenzako kama msamaha ambao hajautoa. Na sisi watu wa Kanisa tuna jaribu letu la pekee: tunadhani heshima tunayopewa inalipa bili. Hailipi. Cheo changu kilimfunga mdomo mzee yule. Kama ningekuwa fundi viatu, angenidai siku ya pili.

Nilikwenda chumbani, nikaleta pesa. Mangi alihesabu, akanirudishia chenji mpaka sarafu ya mwisho, akachukua rula, akapiga mstari juu ya neno "Paroko." Niliona aibu, na niliona nafuu. Ndiyo hali ya mtu anayetoka kitubioni.

Nakuomba mambo mawili leo. La kwanza, kabla hujala chakula cha mchana, jiulize ni daftari la nani lina jina lako. Huenda ni la mama muuza maandazi, la fundi cherehani, la dada wa kazi ambaye mshahara wake una miezi miwili. Kama unacho, lipa. Kama huna, nenda umwambie. Kimya kinamuumiza zaidi ya deni. Dawa ya deni ni kulipa, na huanza kwa kuonana uso kwa uso.

La pili, kama mtaani kwako bado lipo duka la namna hii, nenda ukiwa na pesa, si siku za dhiki peke yake. Jirani anayekubeba siku mbaya anastahili kukuona pia siku njema.

Na kwenu wa mtaa wetu: Mangi ameniambia atakuwa dukani mpaka Jumamosi saa mbili usiku. Daftari liko kwenye droo ya kushoto. Jumapili njema.