Madini ya chuma kwenye uji wa mtoto, na bakteria wanaoyagombea

Katika vijiji vingi vya Kaunti ya Kwale, mtoto akitimiza miezi sita huanza kulishwa uji wa unga wa mahindi. Uji huo humshibisha, lakini madini ya chuma yaliyomo ni haba, na hata hayo machache hunaswa na asidi ya fitiki iliyo kwenye nafaka, hivyo kwamba mwili hauwezi kuyafyonza ipasavyo. Matokeo yake ni upungufu wa damu, tatizo linaloweza kuzorotesha ukuaji wa ubongo wa mtoto kabla hata hajajua kutembea. Dawa iliyopendekezwa na wataalamu wa lishe kwa miaka mingi ni rahisi: pakiti ndogo ya poda yenye vitamini na madini, inayonyunyizwa katika uji mara moja kwa siku.

Urahisi huo ulitiwa doa mwaka wa 2015. Watafiti wa Chuo Kikuu cha ETH mjini Zurich, Uswisi, wakishirikiana na wenzao wa Kenya, walichapisha katika jarida la Gut matokeo ya uchunguzi waliowafanyia watoto 115 wa umri wa miezi sita papa hapa pwani ya kusini. Kwa muda wa miezi minne baadhi ya watoto walipewa poda yenye chuma na wengine poda isiyo na chuma. Kinyesi cha waliopewa chuma kilionyesha kwamba bakteria wa jamii ya Escherichia na Shigella, ambao baadhi yao huleta magonjwa ya kuhara, walikuwa wameongezeka wakilinganishwa na bakteria wema. Dalili za uvimbe kwenye utumbo nazo zilikuwa zimepanda. Miongoni mwa watoto waliopewa kipimo kikubwa, yaani miligramu 12.5 kwa siku, asilimia 27.3 walihitaji kutibiwa kuhara, ikilinganishwa na asilimia 8.3 ya wenzao wasiopewa chuma. Ni haki kuongeza kwamba idadi ya watoto ilikuwa ndogo na tofauti hiyo ya kuhara haikufikia kiwango kinachokubalika kitakwimu. Hata hivyo, mabadiliko ya bakteria yalikuwa bayana.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Sehemu kubwa ya chuma anachomeza mtoto haifyonzwi katika utumbo mwembamba, bali huteremka hadi kwenye utumbo mpana. Huko yanaishi matrilioni ya bakteria, na wengi wa wale waletao maradhi huhitaji sana madini hayo ili wazaane. Bakteria wema wa kundi la Bifidobacterium na Lactobacillus huhitaji chuma kidogo mno. Basi anayeteremsha chuma kingi huko chini huwa amewaandalia karamu wageni asiowataka. Maziwa ya mama yenyewe yana chuma kidogo tu, na pia yana protini iitwayo laktoferini ambayo hukishika chuma kisiwafikie bakteria ovyo.

Maziwa hayo yana jambo jingine ambalo kwa muda mrefu liliwatatanisha wanasayansi. Ndani yake mna aina nyingi za sukari changamano ambazo mtoto hana uwezo wa kuzisaga. Kwa nini mwili wa mama utumie nguvu kutengeneza chakula ambacho mtoto hawezi kukitumia? Jibu ni kwamba mlaji wake si mtoto, ila ni bakteria wema wa utumbo mpana. Wanapokula sukari hizo hutoa asidi zinazoufanya utumbo usiwe makao mazuri kwa vijidudu waharibifu.

Chakula cha namna hiyo ndicho wataalamu wanachokiita prebaiotiki, neno lililoanzishwa mwaka wa 1995 na Glenn Gibson na Marcel Roberfroid. Wengi hulichanganya na probaiotiki, ambao ni bakteria wenyewe wakiwa hai. Anayekula kitunguu au kitunguu saumu, vyenye nyuzinyuzi za inulini, huwalisha bakteria alio nao tayari, ilhali anayemeza probaiotiki huongeza wengine. Maharagwe ya githeri nayo yana sukari za aina hii, na ule ujazo wa gesi unaowaaibisha walaji wake mbele ya watu ni ishara tu kwamba bakteria wamepata riziki yao. Ndizi mbichi na viazi vilivyopikwa vikaachwa vikapoa vina wanga usiosagika upesi, ambao pia hufika chini.

Bakteria wakishakula vyakula hivyo hutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti. Hiyo butireti ndiyo nishati kuu ya seli zinazofunika ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Ukuta ukidhoofika, vijidudu na sumu zake hupenya kwa urahisi.

Watafiti walirejea Kwale wakiwa na wazo hilo. Safari hii walichukua watoto 155 wenye umri wa kati ya miezi sita na nusu na tisa na nusu, wakawagawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa poda isiyo na chuma. La pili lilipewa poda yenye miligramu tano za chuma. La tatu lilipewa kiasi kicho hicho cha chuma pamoja na gramu 7.5 za prebaiotiki iitwayo galakto-oligosakaridi, ambayo hutengenezwa kutokana na sukari ya maziwa. Baada ya miezi minne, na kama ilivyochapishwa mwaka wa 2017, watoto wa kundi la tatu walikuwa na bakteria wema wengi zaidi kuliko wale wa kundi la pili, na chembe za urithi za vijidudu waletao magonjwa zilikuwa zimepungua. Visa vya maambukizi ya njia ya hewa vilivyohitaji matibabu pia vilikuwa vichache. Uchunguzi mwingine uliofanyiwa watoto wa Kenya ulionyesha kwamba prebaiotiki hiyo iliusaidia mwili kufyonza chuma zaidi, maana yake kinachobaki kwa bakteria hupungua.

Hapo ndipo polifenoli zinapoingia, na hapo ndipo ushauri wa magazetini unapopotosha wasomaji mara nyingi. Polifenoli ni kemikali za mimea zinazoipa chai ukakasi wake, mtama mwekundu rangi yake, na zambarau ule weusi unaobaki ulimini. Sehemu kubwa ya kemikali hizo haifyonzwi juu, hivyo nazo hufika kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzivunjavunja na kutengeneza kemikali nyingine ndogo ambazo mwili unaweza kuzitumia. Mfano mzuri ni komamanga. Bakteria hugeuza tanini zake kuwa kemikali ziitwazo yurolithini. Lakini si kila mtu aliye na bakteria wa kuifanya kazi hiyo. Watu wawili wanaweza kugawana komamanga moja na mmoja asipate yurolithini hata chembe.

Kwa mtu mzima mwenye damu ya kutosha, polifenoli zina manufaa. Kwa mtoto wa Kwale mambo ni tofauti, kwa sababu polifenoli hizo hizo hukishika chuma cha nafaka na mboga. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba kikombe cha chai ya rangi kikinywewa pamoja na mkate hupunguza ufyonzaji wa chuma kwa kati ya asilimia 79 na 94. Mzazi anayemteremshia mtoto uji kwa chai ya mkandaa huwa anaipoteza poda aliyoipanga foleni zahanati. Mwanamke mjamzito naye yumo hatarini. Kuiacha chai isubiri saa moja baada ya chakula hupunguza hasara hiyo, na ni ushauri usiogharimu hata ndururu.

Kuhusu watu wazima, ushahidi wa karibu zaidi na Kenya ulitoka ng'ambo ya mpaka, mjini Moshi. Mwaka wa 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliowahusisha wanaume 77 wa mkoa wa Kilimanjaro. Waliozoea vyakula vya asili, kama ndizi, maharagwe, nafaka zisizokobolewa na mboga za majani, walipewa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili. Damu yao ikaonyesha dalili za uvimbe zimeongezeka na seli zao za kinga zimelegea mbele ya vijidudu. Waliofanya kinyume, wakaacha vyakula vya kizungu na kula vya asili, dalili hizo zilipungua. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja, nalo likapata nafuu ya aina hiyo. Wanywaji wasishangilie mapema: utafiti ulikuwa mfupi, haukumhusisha mwanamke hata mmoja, na ulipima kinyweo chenye nyuzinyuzi, polifenoli na vijidudu vya uchachu kwa pamoja, si chupa ya bia ya kiwandani.

Kwa Kwale, tatizo linalobaki ni bei. Galakto-oligosakaridi hutoka viwandani, na gramu 7.5 kwa siku kwa kila mtoto ni mzigo mzito kuliko poda yenyewe. Ndiyo sababu macho ya wengi yameelekea Bangladesh, ambako, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, watoto wenye utapiamlo katika mtaa wa mabanda wa Mirpur, mjini Dhaka, walipewa mchanganyiko wa dengu, soya, njugu karanga na ndizi mbichi uliochaguliwa kwa kuwalisha bakteria wao. Waliongeza uzito kwa kasi kuliko waliopewa chakula cha kawaida cha tiba, ingawa mchanganyiko huo ulikuwa na kalori chache. Hapana kati ya vyakula hivyo vinne kinachokosekana katika masoko ya pwani ya Kenya.