Jik inaua vijidudu, lakini kifua cha mtoto je?

Wengi wetu tulipita Mpondwe, pale Bwera, tukanawishwa mikono kwa maji ya klorini. Juni 2019, Ebola ilipothibitishwa wilayani Kasese, maji yale yalitusaidia sana. Klorini hiyo ndiyo iko ndani ya Jik, ile kwetu Kongo tunaita javeli.

Shida ni kipimo. Maji ya kunawa mikono yana klorini asilimia 0.05 tu. Ya kusafisha sakafu alipotapika mgonjwa ni asilimia 0.5, yaani mara 10. Sasa mama anamimina Jik kwa macho tu, anafunga mlango, anapangusa nyumba, na mtoto amelala humo humo. Kesho yake mtoto anakuja darasani anakohoa, kifua kinalia filimbi, mikono imechubuka. Nimewaona.

Harufu kali inachoma kifua, na ngozi iliyochubuka inaingiza aleji kwa urahisi. Kule Kanada, uchunguzi wa watoto zaidi ya 2,000, uliotolewa 2020, ulikuta hivi: katika nyumba zilizotumia sana dawa za kusafishia, watoto wachanga walipofika miaka 3 walipatikana na pumu zaidi.

Basi tufanye hivi. Kila siku, sabuni ya kawaida na maji vinatosha. Jik tuiwekee choo na uchafu wa mgonjwa. Fungua mlango, mtoto atoke nje kwanza. Usiichanganye na dawa nyingine ya choo, inatoa hewa ya sumu. Na mtoto akihema kwa shida, jameni, msingoje asubuhi, mpelekeni kituo cha afya.

Usafi tuendelee nao, lakini kwa kipimo.